Boneti ya Moto

Ukitaka kununua gari la dizeli lililokwishatumika, nenda asubuhi, mwenyewe hajaliwasha. Sisi tulikwenda mchana, tukala kwanza. Ndiyo maana leo najipikia.

Mwaka ule kamati ya kijiji iliamua tupate gari la wagonjwa. Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imeshatutoa mlimani na kutupanga mistari bondeni, kando ya barabara ya Mtama, eti huduma zitatufuata. Huduma yenyewe ikawa gari dogo kuukuu lililokuwa likiuzwa mjini Lindi. Mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu, mgonjwa anaingizwa amelala. Tukaenda kulitazama: Mwenyekiti Nassibu, Likwata dereva, mimi mjumbe, na mke wangu Mastura kwa niaba ya akina mama.

Mwenye gari, Abdulatifu, alitupokea kwa pilau la mbuzi. Gari lilikuwa uani linanguruma.

"Nimeliwasha kwa heshima yenu," alisema.

Tulipomaliza kula, Likwata akataka kulizima afungue boneti. Nassibu akamshika kiwiko.

"We Likwata! Chumvi ya mtu haijashuka kooni, ushaanza kumpekua kama mgambo? Unatutia aibu."

Mastura akaweka kiganja juu ya boneti, akakitoa mbio.

"Mwenyekiti, hapa pana moto. Limewashwa tangu lini hili? Mie nikikuta chungu cha moto, najua kuna mtu kapika kabla sijaja. Tulizime lipoe, tuone kama litawaka tena."

"Mama Kudra, hicho si chungu!" Nassibu akasema.

Wakacheka. Abdulatifu alicheka kuliko wote.

"Haya, chekeni," Mastura akasema. "Siku ya mgonjwa tutacheka wote."

Tukarudi nalo bila kulizima hata njiani. Lilikuwa likitoa moshi wa buluu, lakini nani angesema, na kiongozi ameketi mbele? Vigelegele vikatupokea. Nassibu akamwamuru Likwata alizungushe kijiji kizima, kisha likaegeshwa mbele ya ofisi, likazimwa.

Kesho yake alfajiri Mastura akapanda mlimani kuokota korosho, maana mikorosho yetu hawakuihamisha; kilichokatazwa ni kulala kule. Jua halijawa kali nikasikia mayowe. Koboko kamuuma. Nyoka alikuwa kwenye majani makavu.

Tulimshusha kwa kitanda, watu wanne tunakimbia. Alikuwa anazungumza vizuri, ananiuliza kama nimefungia kuku. Na mimi moyoni nasema gari lipo. Wallahi, mara ya kwanza tangu Operesheni inichomee nyumba, niliishukuru serikali.

Tukamlaza nyuma. Likwata akawasha. Likakohoa. Akawasha tena. Likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Mara ya tatu hata kukohoa halikukohoa.

"Injini imechoka!" Likwata akapiga kelele. "Likipoa haliwaki hili, linataka mteremko! Sukumeni!"

Mteremko gani, bondeni? Mchanga mtupu. Tukasukuma, wanaume kwa wanawake. Nassibu anatembea pembeni, "Kwa pamoja, ndugu zangu! Kwa pamoja!" kama yuko mkutanoni. Magurudumu yanazama, tunayanyanyua, yanazama.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, uso wa Mastura uko karibu na wangu. Kope zilikuwa zinamwanguka. Akapapasa bati la pembeni kwa kile kiganja chake.

"Baba Kudra," akasema, ulimi mzito, "leo limepoa."

Nikadhani anatania. Nikasukuma. Nilikuwa bado nasukuma waliponishika mabega, na sikuelewa kwa nini wengine wote wameacha.

Baada ya arobaini Nassibu aliitisha kikao. Nikajua anataka kuomba radhi, nikavaa kanzu.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tumepata ufumbuzi. Kuanzia leo gari litalala mlimani, liwe linaserereka na kuwaka. Wanaokubali?"

Mikono ikanyooka. Yote.

"Mlimani wapi?" nikauliza.

"Pale ilipokuwa nyumba yako, mzee. Pana mteremko mzuri sana."

Ndipo linapolala mpaka leo, kwenye uwanja aliokuwa akiufagia Mastura, na linawaka kila asubuhi. Mimi nikionekana kule jua limeshazama, nakamatwa.