Konda wa Kona ya Mikaratusi

Asubuhi Adriano alilifuta gemu lote kwenye kompyuta. Mchana alipolirudisha, jipya kabisa, likawaka na kumwandikia: Karibu tena, Cleophas.

Akaondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyeshika figa la moto.

"Nini tena?" rafiki yake Limbu akauliza. Alikuwa amekaa kitandani, amejikunyata ndani ya koti la baba yake. Wazazi wake walihamia Rukwa na ng'ombe zao kutoka Usukumani yeye akiwa mgongoni, lakini baridi ya Ufipa ilikuwa haijamsamehe hadi leo.

"Limemtaja kaka."

Limbu akasogea, akasoma. "Wafipa bwana! Mpaka kompyuta zenu zina mizimu."

"Chunga mdomo wako. Jambo kama hili likitokea kwenu, si utakimbia na kuacha ng'ombe?"

"Ng'ombe naondoka nao. Ninyi ndio nitawaacha."

Wakacheka. Kicheko hakikufika mbali. Nje, upepo wa mtaa wao wa Chanji ulikuwa unalivuta bati la jikoni na kuliachia, unalivuta na kuliachia.

Cleophas alikuwa konda wa basi la Namanyere. Mchana aliita abiria stendi hadi sauti ikamkauka. Jioni alirudi nyumbani akakaa mbele ya kompyuta hii, kwenye gemu la kuendesha mabasi, akaijenga barabara yake. Gemu lenyewe lilikuja na barabara za Ulaya. Yeye akalipachika modi, yaani vile vipande vya ziada ambavyo wachezaji hujitengenezea wenyewe: mashamba ya mahindi, nyumba za tofali za kuchoma, mikaratusi iliyopangana kama askari. Juu ya yote akapachika sauti yake mwenyewe, akiwa ndiye konda. Kisha, msimu wa mavuno uliopita, alipanda pikipiki kwenda Namanyere, na kwenye kona ya mikaratusi akakutana na lori. Simu yake ilisagika pamoja naye.

Tangu hapo gemu lilikataa kuvuka kona ile. Basi lilifika penye mikaratusi, kioo cha kompyuta kikaganda, kila kitu kikazima. Kila safari. Palepale.

Adriano hakutaka kuamini yale ambayo majirani wangesema. Alikuwa na imani moja tu, na aliishika kwa meno: gemu lilikuwa chafu. Modi za miaka mingi zilirundikana, nyingine zikigombana na nyingine. Likisafishwa, likawekwa jipya, kisha barabara ikarudishwa juu ya msingi safi, basi litavuka. Naye angemwita mama yao, angemkalisha kwenye kiti, na mama angemsikia mwanawe akitangaza Namanyere. Hilo tu. Afike. Mtu aliyeianza safari yake, afike.

"Jina liko kwenye folda ya nyaraka," Limbu alisema. "Ukilifuta gemu, hizo kumbukumbu hubaki. Futa na hiyo folda. Halafu washa gemu tupu, bila modi hata moja, lijiandikie upya. Ukiona liko sawa, ndipo uanze kurudisha."

"Najua."

"Unajua, mbona hufuti?"

Adriano alipeleka mshale juu ya folda, akauondoa. Alikuwa anaitazama ile folda. Ndani yake kulikuwa na kila safari aliyowahi kuiendesha kaka yake, na ndani yake kulikuwa na sauti.

Limbu alipotoka kwenda kujisaidia, Adriano akafanya alichofanya kila Mfipa aliyekulia shambani. Mfipa hachomi majani. Huyapindua kwa jembe, huyafunika kwa udongo, hutengeneza tuta la duara, ntumba, na ndani ya lile tuta majani huoza yakawa mbolea. Kisichotakiwa juu huwekwa chini. Basi Adriano akaibeba folda ya marehemu, akaichimbia ndani kabisa ya folda ya gemu jipya, chini ya folda nyingine, akaipa jina lisilo na maana.

"Tayari?" Limbu akauliza akifunga mlango.

"Tayari."

Gemu likawaka. Safari hii halikumtaja mtu. Likauliza jina, Adriano akaandika lake. Akachagua barabara ya Ulaya, basi jeupe lisilo na hata maandishi, abiria wa kigeni wenye nyuso kama za sanamu. Akatia gia. Basi likaondoka polepole katika mji ambao hakuna Mfipa aliyewahi kuukanyaga.

"We dogo!" ikasema spika. "Kaa vizuri, gari inaondoka!"

Limbu alisimama wima. Adriano akanyoosha mkono kuizima spika. Na kabla hajaifikia, kutoka jikoni, kupitia ukuta, sauti ya mama yao ikaitika:

"Ee, mwanangu!"

Sufuria likawekwa chini. Dominika, mama yao, akaingia, mikono yake ina unga wa ulezi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama," Limbu alisema, sauti nyembamba.

"Marahaba." Hakumtazama. "Nani amemwita?"

"Mama, ni gemu tu."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza nani amemwita."

Ikabidi Adriano aseme yote: kufuta, kutofuta, kuchimbia. Limbu akajipiga paji la uso. "Mshikaji! Gemu linasoma kila kilicho chini yake! Umemficha mtu chumbani halafu unashangaa anakohoa!"

Dominika hakucheka. Akavuta kiti, akaketi.

"Nani kakufundisha ntumba?" akauliza.

"Wewe."

"Nilikufundisha nusu, au ulisikiliza nusu. Ntumba haiachwi milele. Mvua zikirudi huvunjwa, udongo ukatawanywa, ndipo ulezi ukapandwa. Tuta usilolivunja ni nini?"

Adriano akainamia kibodi.

"Ni kaburi," mama yake akasema. "Lifukue."

Wakalifukua. Folda ya Cleophas ikatolewa yote, ikawekwa kwenye flashi. Gemu likafutwa tena, na kumbukumbu zake, likawekwa upya. Safari hii lilikuwa safi kweli. Adriano aliendesha basi jeupe mtaa baada ya mtaa na hakuna aliyesema naye. Utupu wake ulimtisha kuliko ile sauti.

Kisha akaanza kurudisha, kitu kimoja kimoja, akijaribu kila kimoja. Kwanza basi la Namanyere. Likakubali. Mashamba. Yakakubali. Barabara. Akaiendesha bila sauti, ikaja kona, ikaja mikaratusi, na basi likapita. Likapita kama maji! Adriano akaruka kitini. Limbu akamkumbatia.

"Sasa mrudishe yeye," mama akasema.

Akarudisha sauti. Cleophas akaita abiria, akatania, akamwambia mama mmoja asiye na sura ashike vizuri mzigo wake. Dominika alikuwa anatabasamu, midomo yake inamfuata neno kwa neno. Wakafika kwenye mikaratusi. Kioo kikaganda. Giza.

Wakarudia. Palepale.

Limbu alikaa muda mrefu na lile faili la sauti. Mwishowe akasema, bila utani hata chembe: "Gemu linaanza kuitafuta sauti ya kutangaza stendi likifika pale konani. Hiyo hakuimaliza kuirekodi. Na sauti zote amezifunga pamoja, sina namna ya kuzitenganisha. Rekodi zenyewe za mwanzo zilikuwa kwenye simu yake iliyosagika."

Kwa hiyo ilikuwa hivi: ama waende naye na safari ifie konani, ama wafike bila yeye. Adriano alipiga meza kwa ngumi. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa mchana kweupe.

Dominika alimwacha alie. Kisha akasema, "Endesha ile isiyo na sauti."

"Mama, nimfute?"

"Nimesema ufute? Mweke kwenye hicho kidude chako. Endesha."

Akaendesha. Mahindi yakapita, nyumba zikapita, ndani ya basi hakuna aliyesema. Mikaratusi ilipotokea, mama akamshika bega.

"Simamisha."

Adriano akakanyaga breki.

"Fungua mlango."

Akabonyeza. Mlango ukafunguka upande wa mikaratusi. Dominika akainama karibu na kioo, akasema kwa Kifipa, taratibu, maneno ambayo mtu humwambia mwanawe anapomsindikiza.

Katika gemu lile, abiria akishuka, basi huyumba kidogo na kuinuka, kwa sababu limepungua uzito. Limbu alikuwa ametazama; alikuja kuapa hivyo hata mbele ya padri. Hakuna abiria aliyeonekana akisimama. Hakuna aliyeonekana akishuka. Basi likayumba kidogo, likainuka.

"Funga," Dominika akasema. "Twende, giza lisitukute Namanyere."