Furushi Moja Mkekani

"Pale pametulia, eh, sista?" aliuliza yule kaka huku akimkabidhi suruali iliyokunjwa vizuri, shati la drafti, na viatu vyenye simu ndani.

Mbele ya Shamimu walikuwa wamejipanga watu sita, kila mmoja akivua na kuharakisha. Hakugeuza hata shingo kutazama majini. "Eeh, kaka," alijibu, akalifunga furushi na kulipanga na mengine.

Ilikuwa Idi pili, na ufukwe wa Kigamboni ulijaa pomoni. Shamimu alitoka Mtoni alfajiri na mkeka wake, kazi ikiwa ileile ya miaka minne: kutunza nguo za waogaji. Hakuwa na daftari wala namba. Yeye alimkumbuka kila mtu kwa nguo alizovua, na mwenyewe akitoka majini akitetemeka, furushi lilimfikia kabla hajafungua mdomo.

Saa kumi watu walipungua, na mkekani likabaki furushi moja.

Ndipo Shamimu alipotazama bahari kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. Kushoto mawimbi yalivunjika, kulia yalivunjika. Katikati palikuwa na njia laini, nyeusi kidogo, imelala kama kanga iliyopigwa pasi. Chupa tupu ya maji ilielea humo ikienda zake nje, polepole, bila kurudi.

Kila mgeni Shamimu alimwambia: oga panapovunjika mawimbi, palipolala ndipo maji yanapopitia kurudi baharini, na aliyemo yanaondoka naye. Kila mgeni. Isipokuwa huyu.

"Mfaume!" alimwita mkodisha mipira ya matairi. "Umemwona kaka mmoja mrefu, bukta ya bluu?"

"Leo bukta za bluu ni kama mchanga, Shamimu. Umeshapata mchumba?"

"Aliingia pale palipolala. Furushi lake tu ndilo limebaki."

Utani ulimtoka Mfaume usoni. Alibeba mpira mkubwa kuliko yote, akaingia majini.

Simu ikaita ndani ya kiatu. *Mama Blessing*, kioo kiliandika. Ikakatika, ikaita tena. Mara ya tatu Shamimu akaipokea.

"We mwanaume, ndo bahari gani hiyo ya kutopokea simu?"

"Shikamoo, dada. Mie ni mtunza nguo."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Bado... bado hajatoka majini."

"Tangu saa saba? Nikodemu huyu huyu anayeogopa maji ya ndoo?" Mwanamke alicheka kicheko cha mtu aliyekaa na mtoto mapajani. "Mwambie atoke, ngozi itamvuka."

Shamimu alibaki ameishika simu sikioni, upande wa pili umeshakata. Mfaume alirudi akitikisa kichwa. Shamimu alilikumbatia furushi akaanza kutembea kandokando ya maji, miguu ikimzama, akimuuliza kila aliyekutana naye.

Karibu na majabali alisikia kelele. Mwanamume mwenye bukta ya bluu, goti likichuruzika damu, alikuwa amemsimamia Zubeda, mtunza nguo wa upande ule.

"Nyie wote lenu moja! Nguo zangu ziko wapi?" Akamwona Shamimu. "Huyo! Mwizi huyo hapo! Nimezunguka mpaka nimechoka, kumbe unahamahama na nguo za watu!"

Shamimu alishaitwa mengi pale ufukweni, lakini hakuwahi kuitwa jina tamu kama hilo. Alikaa mchangani, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Sijahama, kaka. Wewe ndo umehamishwa."

Nikodemu alitazama alikoelekezwa. Mkeka ulionekana kwa mbali, mdogo kama leso. Hasira ilimshuka yote.

"Maji yalinichukua," alisema taratibu. "Nikapigana nayo mpaka mikono ikafa ganzi. Nikasema basi, nikalala chali, nikamwachia Mungu. Yakanizungusha weee, yakanitema kwenye majabali. Hata sijui nimelala pale muda gani."

"Uliniuliza kama pametulia, nikakwambia eeh. Sikutazama."

"Nilikuuliza?" Alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Mbona sikumbuki?"

Alijaribu kuvaa suruali. Mguu ukatetemeka, ukakosa tundu. Akajaribu tena.

"Si ukae chini uvae, baba!" Zubeda alimcheka. "Tangu lini suruali inavaliwa kwa kucheza ngoma?"

"Na umpigie mama Blessing," Shamimu alisema. "Kabla ngozi haijakuvuka."

Shamimu aliporudi kwenye mkeka wake, kundi jipya la wageni lilikuwa linateremka, na watoto waliotangulia wakikimbilia maji. Shamimu aliuburuta mkeka hadi ukingoni kabisa, mbele ya ile njia laini, akakaa hapo na kunyoosha miguu yote miwili. Povu lilimlowesha visigino. Aliyetaka kuingia pale, ilibidi kwanza amruke.