Kweche Aliyeitwa Fumbwe

Jana mchana, alipokuwa kitandani akimnyonyesha binti yake Wamaitha, Nyawira alipitiwa na usingizi, akaota amesimama kwenye nyasi za Kinangop. Alikuwa akijifunza kuongoza watalii wanaokuja kutazama ndege, na mtihani ulikuwa kesho yake.

Mbele yake anapita ndege mweusi mwenye wekundu begani. Anaruka polepole, mkia mrefu ukimvuta chini kama nguo iliyolowa.

"Mtaje," inasema darubini iliyoning'inia shingoni mwa Nyawira. "Utakavyomwita ndivyo atakavyokuwa."

Nyawira anabahatisha. "Fumbwe," anasema.

"Mimi nilikuwa kweche," ndege anajibu bila hasira. "Kweche hulea makinda yake mwenyewe. Fumbwe hutaga kwenye kiota cha mwingine, akamwachia malezi. Mimi ni dume, sitagi, lakini tutafanyaje, umeshasema. Kwako ni wapi, nilete wangu?"

Kabla hajajibu, nyasi zimekuwa sakafu ya chumba chake. Kitandani wamelala Wamaitha wawili. Mumewe, Gathogo, anawalisha uji kwa zamu.

"Baba Wamaitha, huyu wa pili katoka wapi?"

"Wa pili yupi? Si ni wetu hawa?" Anakwangua bakuli. "Ila uji ukiisha atabaki mmoja. Ndege kasema."

Ndege ametua juu ya kabati, mkia umefika chini. "Mtambue wako," anasema. "Ukikosea, nitaondoka naye, na hutajua kamwe."

Nyawira anawatazama mpaka macho yanamuuma. Sura ile ile. Kovu la chanjo lile lile. Anaita, "Wamaitha!" Wote wawili wanaitika kwa sauti moja.

"Kijiko cha mwisho," anasema Gathogo.

Nyawira anawanyakua wote, anafungua blauzi, anawaweka kifuani, huku na huku. Mmoja anapanua kinywa na kungoja kama kinda la ndege, kinywa kinazidi kupanuka, hakijui la kufanya. Mwingine anatafuta titi, analipata, ananyonya.

"Huyu!" anapiga kelele. "Huyu ni wangu, na wewe ni kweche!"

"Ahsante," anasema ndege.

Nyawira akazinduka, moyo ukimdunda. Wamaitha alikuwa ameng'ang'ania titi, ananyonya.

"Mama Wamaitha, unamfokea nani?" Gathogo aliuliza kutoka shambani.

Nyawira aligeuka. Upande wa pili wa kitanda, ambako hakuna aliyelala, blanketi lilikuwa limebonyea kidogo, kwa ukubwa wa mtoto. Akapeleka mkono taratibu, akapagusa.

Palikuwa na joto.