Feni ya Darini

Mke wa mwanangu, Sanobar, alipanda darini akafunga feni ya umeme wa jua pamoja na betri yake. Nikamsimamia chini ya ngazi.

"Feni huwekwa penye watu! Huko juu unampepea nani, panya?"

"Natoa joto la bati, mama. Ndilo linalotushukia."

Siku ya pili upepo wa jangwani ukaufunika mji wetu wote wa Khiva kwa vumbi, jua likapotea mchana kweupe. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikakaa chumbani kungoja feni izime, nipate la kusema. Haikuzima; niliisikia ikivuma juu ya dari. Nikangoja hadi chai ikapoa.

Sanobar akacheka. "Inakula jua la asubuhi lililowekwa kwenye betri, mama. Kama matikiti yako unayotundika msimu wa joto, tukayala wakati wa theluji."

Ndipo nikajishika shingo. Saa nzima ndani ya nyumba hii, mwezi wa Julai, na sina jasho! Miaka thelathini tumeokwa humu kama mikate, nami nikidhani ndivyo nyumba zilivyo.

"Mama, unalia?"

"Vumbi hilo. Kesho nenda ukamfungie feni mama yako mzazi pia."