Mkwaruzo wa Redio ya Dunga

Familia ya Sydney, aliyezama ziwani, ilishapata yago, lile tunda refu, zito, linalozikwa badala ya mtu aliyemezwa na ziwa na mwili wake haukupatikana. Kaburi lilikuwa tayari. Aliyekataa ni Dorca, mke wake. Alisema hawatamzika mtu ambaye bado anamwita yeye kwenye redio ya ufuoni.

Ndiyo maana mama mkwe wake, Mama Akinyi, akaniita mimi, fundi wa redio. Nilimkuta Dorca kwenye kibanda cha waokoaji pale Dunga, mchana kweupe, sikio limeegemea redio. Nikamtania kwamba mwenzi wangu yuko nchi kavu na hata simu hapigi, yeye ana bahati. Akacheka kidogo. Nikachomeka kipimo changu, chenye mshale unaoonyesha nguvu ya sauti inayoingia.

Nikamweleza yeye na Mama Akinyi, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwamba kila redio hukwaruza yenyewe, hata kama hakuna anayeongea. Ni umeme unaohangaika tumboni mwake. Juu ya hapo huongezeka fujo za mjini: nyaya za stima, mashine za kuchomelea, bodaboda. Sauti ya mtu lazima izipite hizo zote ndipo mshale upande.

Tukakaa. Mshale ulilala palepale penye fujo za mjini kama mlevi, na Dorca akawa anaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema ni jina lake tu.

Nikachomoa waya wa antena. Mshale ukashuka, ukabaki mkwaruzo wa redio yenyewe. Nikamwambia sasa tumeiziba masikio, hakuna cha ziwani kinachoweza kuingia.

"Bado unamsikia?"

"Vizuri kuliko mwanzo."

Mama Akinyi akajishika kichwa. Mimi ambaye huwa sikosi utani hata matangani, siku hiyo niliukosa. Nikamweleza Dorca taratibu kwamba kama anamsikia bila antena, basi hiyo sauti haitoki ziwani. Nilijua atalia.

"Una hakika haitoki majini?"

"Nina hakika."

"Basi ametoka." Akamgeukia mkwe wake. "Mama, zikeni hilo yago. Nilikuwa naogopa mtamfungia huko ndani ya maji."

Mama Akinyi akaenda kuwaambia wazee, machozi yakimtoka. Nikazima redio, nikaanza kukunja nyaya zangu. Kibanda kikawa kimya kabisa.

Dorca akanishika mkono.

"Polepole na hizo waya, fundi," akaninong'oneza. "Hajamaliza kuniita."