Mbuzi wa Kitabuni

Bi Tabu alikuwa na wivu, na tuliseme hilo mapema asije akaonewa huruma ya bure. Aliyemwonea wivu ni jirani yake Yustina, mama Gaspar, aliyehamia Temeke kutoka Bukoba mwaka wa hamsini na mbili pamoja na mumewe karani.

Kabla mwanamke huyo hajaja, barua za mtaa mzima zilisomwa barazani kwa Bi Tabu. Alikuwa amehitimu Kurani angali kigoli, na herufi za Kiarabu alizijua kama vidole vyake. Lakini barua za siku hizi ziliandikwa kwa herufi za kizungu, na watu wakaanza kumpita na bahasha mkononi, salamu nyingi, miguu inaelekea kwa Yustina. Hilo alilimeza. Lililomkwama kooni ni likizo.

Shule ilipofungwa mwezi wa nane, Yustina alitandika mkeka uani kwake akawa anawakusanya watoto kila alasiri, wasije wakasahau masomo. Tunu, binti pekee wa Bi Tabu, alikuwa darasa la nne. Mtihani ulikuwa Novemba, na asiyepita basi tena, hakuna la tano. Angerudi jikoni kukaanga vitumbua na mama yake. Tunu akaenda mkekani. Jioni alirudi na habari za mama Gaspar kasema hivi, mama Gaspar kasema vile, mpaka chakula kikapoa.

"Kwani mie sijasoma?" Bi Tabu alifoka siku ya nne. "Huendi tena huko. Nitakusomesha mwenyewe."

Basi kila alasiri alikaa na mwanawe barazani, bakora mapajani kama mwalimu wa kweli. Tunu alishika kitabu, mama akasikiliza. Siku za kwanza mtoto alisitasita, na kila aliposita mama alinuna. Kisha ghafla usomaji ukawa mtamu. Kitabu kilisimulia juu ya mbuzi aliyealikwa arusini, akavaa kanzu, akakaa jamvini na wanaume, akaenda akala mpaka ubeleko, nguo anayotunzwa mama wa bibi arusi. Bi Tabu alicheka hadi machozi. Asubuhi aliwasimulia wateja wa vitumbua, akiapa kwamba hayo yameandikwa na Serikali.

"Waingereza nao wametuchungulia," alisema. "Na mwanangu anasoma kama maji. Nani kasema lazima uende kwa mama Gaspar?"

Likizo ilikuwa inakwisha Yustina alipopiga hodi, ameleta kahawa ya kutafuna kutoka kwao.

"Karibu, jirani," Bi Tabu alisema, na moyoni akafurahi kupita kiasi. "Kaa kitako umsikie mwanafunzi wangu. Tunu, soma ya mbuzi."

Tunu alimtazama Yustina, akatazama kitabu.

"U... usa... usafi wa ki... kisi..."

"Usafi gani? Nimesema ya mbuzi! Ukurasa huohuo wa jana!"

Yustina aliuangalia ukurasa. Ulikuwa wa kuchimba kisima mbali na choo. Akainamisha macho. "Labda ya mbuzi iko mbele, mama Tunu," alisema taratibu. Alikuwa anamfunika aibu, na Bi Tabu, ambaye hakuwa mjinga, aliliona hilo na likamuuma kuliko tusi.

"Hakuna mbuzi," Tunu akasema, akaanza kulia. "Nilimtunga mwenyewe. Nikisoma ya kitabuni unanuna, mama. Nikisema ya mbuzi unacheka."

"Na ya kitabuni?"

"Yamenipotea. Maneno marefu yananishinda sasa."

Yustina aliaga, akaiacha kahawa aliyoileta. Bi Tabu alibaki na bakora mapajani. Likizo nzima imekwenda na mbuzi, na aliyeipoteza hakuwa mtoto. Alijua hivyo, akaona haya, na hata katika haya hizo bado alimchukia Yustina kwa kuwa mpole.

Kesho yake alasiri alimshika Tunu mkono wakavuka njia. Watoto walikuwa wamekwisha kaa.

"Nimekuletea mwanafunzi wako," alisema, na neno hilo la mwisho lilimtoka kwa taabu. "Nilikosea mie. Mtihani haungoji."

"Karibuni. Kaa na wewe, dada."

"Nina kazi."

Lakini Tunu alikuwa amekwisha jipenyeza ubavuni kwa Yustina, kichwa kimegusa bega la mwanamke yule kana kwamba pana nafasi yake pale. Nikiondoka atanichukulia mwanangu, Bi Tabu alijiambia. Akavua viatu, akakaa.

Yustina aligawa vitabu, kimoja kwa wawili. Tunu akainuka, akaja na kitabu chake kwa mama yake. Bi Tabu hakutaka kuonekana mgeni. Alinyoosha kidole akakiweka mwanzo wa mstari, upande wa kulia, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani.

Gaspar alicheka, na wenzake wakacheka. Bi Tabu akataka kusimama.

Tunu hakucheka. Alikishika kidole cha mama yake, akakivuta polepole mpaka upande wa kushoto.

"Sie tunaanzia hapa, mama," alisema, akaanza kusoma neno moja moja, bila kukiachia.