Unga wa Bernadetha

Bernadetha alikuwa akimenya ndizi uani kwake Nyamwaga taya lake lilipogoma. Kinywa kilifunguka kiasi cha kupitisha kijiko, kikakwama, na karibu na sikio kitu kikalia ka, kama kijiti kikavu kikivunjika. Sababu aliijua. Tangu mumewe Mseti amuoe Robi na kumjengea nyumba ya bati jekundu ng'ambo ya zizi, Bernadetha alikuwa akisaga meno usingizini, na kila asubuhi alikuta unga kwenye mto.

Ulikuwa unga wa mahindi, dona, pumba zikiwemo. Mahindi ghalani nayo yalipungua kwa kadiri ileile. Mseti aliona unga huo umempunguzia safari za mashineni. Aliukung'utia kwenye ndoo, akaivusha ndoo kwa Robi.

"Yule bado mgeni," alisema.

Bernadetha alisikia mwiko wa Robi ukigonga sufuria, akazidi kusaga.

Hospitalini alipokelewa na Joram, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Joram alimgusa mbele ya masikio, akamwambia afungue na kufunga kinywa, kisha akajipangusa unga vidoleni.

"Mama, misuli hii imefanya kazi ya maksai. Nani anakuudhi?"

"Hakuna."

Taya likalia ka.

Joram hakubishana. Alimkanda mashavu taratibu, akamwagiza ajikande na nyumbani kwa kitambaa cha maji ya moto. Akamfundisha kuweka ncha ya ulimi juu, nyuma ya meno ya mbele, kisha kufungua kinywa polepole mbele ya kioo bila kukipindisha. "Na mchana kutwa," alisema, "midomo ikutane, meno yaachane."

Bernadetha aliyafanya hayo akipalilia, akikamua maziwa, hata akiitikia shikamoo za Robi. Maumivu yakapungua. Unga nao ukapungua, mpaka mto ukaamka mkavu na safi.

Mseti alikuja na ndoo tupu, akasimama mlangoni.

"Mama Heche, hayo mazoezi yanatutia njaa. Huwezi kuyaacha kidogo?"

"Taya ni langu."

"Ni lako. Lakini mji ni wangu."

Akaondoka na pikipiki. Alizoea kuelekea Busawe, ambako watu walimwona akinywa chai kwa binti mmoja aitwaye Nyangi.

Mavuno hayajaisha, Robi alivuka zizi asubuhi akiwa ameshika shavu.

"Shikamoo, dada. Nimeamka siwezi hata kupiga mwayo."

Bernadetha alimkalisha kwenye kigoda, akaanza kumkanda mbele ya masikio. Unga ulikuwa umemwagikia begani kwa Robi. Bernadetha aliudokoa, akauonja. Haukuwa dona. Ulikuwa sembe, mweupe, laini kama wa dukani. Wake yeye haukuwahi kutoka hivyo.

Nje, Mseti alikuwa akifunga kiroba cha unga kwenye pikipiki.

"Robi!" aliita. "Unga wako hauna pumba hata chembe. Nyangi ameusifu sana. Kesho ongeza."

Robi alitaka kujibu.

"Usiongee," Bernadetha alimwambia. "Ulimi juu."

Robi akaitikia kwa kichwa. Pikipiki ikashika njia ya Busawe, na Bernadetha akaendelea kumkanda, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko alivyofundishwa.